Supu ya Miso na Nyumba ya Mjapani

Vyakula ambavyo watu huvila kila siku ndivyo ambavyo tarehe yake huulizwa mara chache kuliko vyote. Karamu huandikwa vitabuni, na jina la mfalme aliyeiandaa hudumu. Lakini bakuli la asubuhi hunywewa, huoshwa na kurudishwa mahali pake, wala hapana karani anayeketi kuandika habari zake. Hivyo ndivyo ilivyo supu ya miso ya Wajapani. Kwa karne nyingi siku ilianza katika nyumba za nchi ile kwa wali, supu hiyo, na mboga kidogo zilizokaa katika chumvi. Aliyezaliwa akaikuta mezani huidhani kuwa ya milele, kama milima na mito. Walakini tarehe yaonyesha vingine. Vitu vinavyokutana katika bakuli lile havikufika pamoja: kimoja kilivuka bahari kutoka bara la Asia, kingine kilitoka katika nyumba za watawa, kingine kililetwa kwa merikebu kutoka kaskazini yenye baridi. Basi yafaa kuulizwa: ni kitu gani katika supu hii kinachostahili kuitwa cha asili, na ni nani aliyelipa gharama ya kukihifadhi?

Supu hiyo ina misingi miwili. Wa kwanza ni miso yenyewe, ambayo ni rojo nzito ya maharage ya soya yaliyochemshwa, yakapondwa, yakachanganywa na chumvi na koji, kisha yakavundikwa kwa miezi au miaka. Koji ni mchele, shayiri au soya iliyooteshwa kuvu moja yenye manufaa ambayo wataalamu huiita Aspergillus oryzae. Kuvu hiyo hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga wa nafaka ukawa sukari, na protini za soya zikawa asidi zenye ladha. Msingi wa pili ni dashi, yaani maji yaliyonyonya ladha ya mwani mkavu uitwao kombu, na ya mabanzi ya samaki mkavu wa jamii ya jodari aitwaye katsuo. Au, katika nyumba nyingi za watu wa kawaida, ladha ya dagaa wakavu. Humo hutiwa tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, au mwani laini uitwao wakame, au vitunguu vya majani, au mboga yo yote ya msimu. Mambo ni machache, na kwa sababu ni machache, kosa halina mahali pa kujificha.

Asili ya miso haikuwa Japani peke yake. Wachina walikuwa na desturi ya kale ya kuvundika nyama, samaki, na baadaye soya, katika chumvi, na rojo zilizopatikana waliziita jiang. Maarifa hayo yalivuka bahari, yakapata nchi mpya na majina mapya. Wataalamu wa tarehe huzitaja sheria za Taiho, zilizotungwa mwaka 701, kuwa miongoni mwa alama za kwanza za neno misho, ambalo huhesabiwa kuwa mzazi wa neno miso. Katika Engishiki, kitabu cha taratibu za dola kilichokamilishwa mwaka 927, misho ilikuwa tayari ni mali ya kuhesabiwa, kupimwa na kugawiwa. Lakini msomaji asidhani kwamba wakuu wa mji wa Kyoto waliinywa kama supu. Kwao ilikuwa kitu cha thamani. Waliiramba, au waliipaka juu ya chakula kidogo kidogo, na wengine waliipokea pamoja na mishahara yao. Mkulima aliyelima soya alikuwa mbali na anasa hiyo kama alivyokuwa mbali na hariri.

Badiliko lilikuja pamoja na watawa. Katika zama za Kamakura, zilizoanza mwishoni mwa karne ya 12, watawa wa Zen walisafiri China na kurudi na maarifa ya dini na ya jikoni. Miongoni mwa vyombo vilivyoenea wakati huo palikuwa na bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani, ambalo Wajapani huliita suribachi, pamoja na mchi wake wa mti. Miso ya zamani ilikuwa na punje. Haikuyeyuka vema katika maji. Iliposagwa katika bakuli lile ililainika, na kilicholainika kiliweza kukorogwa katika maji ya moto. Hivyo chombo cha udongo kilizaa supu. Watawa waliokatazwa nyama waliona ndani yake nguvu. Na askari wa Kamakura, waliojivunia maisha makavu, wakafuata utaratibu wa wali, supu moja na kitoweo kimoja. Kutoka hapo ulikua mpango wa mlo uitwao supu moja na vitoweo vitatu, ambao hata leo hutajwa kuwa uti wa mgongo wa chakula cha Kijapani.

Kisa kimoja cha zama hizo chastahili kukumbukwa. Kimo katika Tsurezuregusa, kitabu cha mtawa Kenko kilichoandikwa karibu na mwaka 1330. Hojo Tokiyori, aliyeshika hatamu za serikali ya Kamakura tangu 1246 hata 1256, alimwita usiku jamaa yake Nobutoki. Nobutoki alichelewa kwa kukosa vazi la heshima. Mjumbe akarudi kumwambia aje vivyo hivyo alivyo, naye akaenda katika vazi lake lililochakaa. Alimkuta mkubwa yule ameshika chombo cha pombe, hana wa kunywa naye, wala kitu cha kula pamoja na kinywaji, na watumishi wote wamelala. Nobutoki akawasha karatasi iliyosokotwa, akapekua jikoni, akaona juu ya rafu kisahani cha udongo chenye miso kidogo. Tokiyori akasema kwamba hiyo yatosha, na wawili wale wakanywa kwa furaha. Kenko alikiandika kisa hicho kuonyesha unyofu wa watawala wa zamani. Mwenye kuchunguza tarehe ya chakula huona jambo jingine pia: katika karne ya 13, kitu cha mwisho kilichoweza kukosekana katika jiko la mtawala kilikuwa miso. Ilikuwa imekwisha shuka kutoka hazina ya jumba la Kaisari hata kwenye rafu ya jikoni.

Kutoka rafu ya mkubwa iliendelea kushuka, na katika kushuka kwake ikapata watu wengi. Katika zama za Muromachi, zilizodumu tangu 1336 hata 1573, kilimo cha soya kilienea, na wakulima wakaanza kutengeneza miso majumbani mwao. Koji yenyewe ilikuwa utajiri. Katika Kyoto, chama cha watengenezaji wa koji chini ya hekalu la Kitano kilidai haki ya kuitengeneza peke yake, na ugomvi wake na watengenezaji wa pombe ya mchele ulilipuka mwaka 1444 kuwa vita vya mjini vilivyoliteketeza hekalu. Watu hawapigani juu ya kitu kisicho na thamani. Kisha vilifuata vita vya mabwana wa nchi, ambavyo vilijaza karne ya 16, na miso ikawa chakula cha safari ya askari. Walichukua mabua ya majimbi, wakayasokota kuwa kamba, wakayachemsha katika miso na kuyakausha. Njiani kamba hiyo ilifunga mizigo. Kambini ilikatwa vipande na kutiwa katika maji ya moto, ikawa supu na mboga kwa mara moja.

Dashi nayo ilikuwa na safari yake. Kombu bora hukua katika bahari baridi za kisiwa kilichoitwa Ezo, ambacho sasa ni Hokkaido. Katika zama za Edo, tangu 1603 hata 1868, merikebu za biashara zilizopita upande wa magharibi wa Japani zilishusha mwani huo hata Osaka, na Kyoto na Osaka wakajenga upishi wao juu yake. Upande wa mashariki, katika Edo yenyewe, ambayo sasa ni Tokyo, katsuo alipendwa zaidi. Samaki huyo huchemshwa, hutolewa miiba, hufukizwa moshi mara nyingi na kuanikwa, hata akawa mgumu kama kipande cha mti; aghalabu kuvu nyingine huoteshwa juu yake ili imkaushe zaidi. Hapikwi mzima bali hukwanguliwa kwa randa iliyogeuzwa juu ya kisanduku, na katika nyumba nyingi kazi hiyo ya asubuhi ilikuwa ya watoto. Ryori Monogatari, kitabu cha upishi cha mwaka 1643, kilikwisha kueleza dashi ya katsuo. Kwa hiyo bakuli ambalo leo huitwa la kale lilikamilika, katika sura yake inayojulikana, karibu miaka 1,000 baada ya miso kutajwa katika sheria.

Tena halikuwa bakuli moja. Kila jimbo lilivundika kwa kadiri ya hewa yake na nafaka yake. Kyoto ilipenda miso nyeupe, yenye koji nyingi na chumvi kidogo, tamu, inayoiva upesi. Wenyeji wake huinywa siku ya Mwaka Mpya pamoja na maandazi ya mviringo ya mchele. Sendai ya kaskazini ilikuwa na miso nyekundu yenye chumvi nyingi. Kyushu ya kusini ilitumia shayiri. Katika Okazaki, umbali wa mitaa minane kutoka ngome ambamo Tokugawa Ieyasu alizaliwa mwaka 1543, kipo kijiji cha Hatcho, ambacho maana ya jina lake ni umbali huo. Huko miso hutengenezwa kwa soya na chumvi bila ya mchele. Hutiwa katika mapipa makubwa ya mti, yenye kuchukua tani 6 hivi, na juu yake hupangwa mawe ya mto yapatayo tani 3, moja juu ya jingine kwa ustadi wa mwashi, ili yasianguke hata ardhi ikitetemeka. Hukaa hivyo si chini ya masika mbili za joto na mbili za baridi, hata ikawa nyeusi kama udongo wa chini ya msitu.

Lakini mapipa makubwa yalikuwa ya wafanya biashara. Shambani kazi ilikuwa ya nyumba, na mpango wake haukubadilika sana hata leo kwa wale wanaoufuata. Wakati wake ni Januari na Februari, maana baridi huzuia vijidudu vibaya, na joto la miezi ifuatayo huja polepole. Kilo 1 ya soya kavu huoshwa na kulowekwa kwa saa 18 hivi, kisha huchemshwa kwa saa 3 au 4. Kipimo cha kuiva hakimo katika saa bali katika mkono: punje hubanwa kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, na ikiwa yapondeka bila ya nguvu, imeiva. Soya hupondwa ingali na uvuguvugu. Kilo 1 ya koji huchanganywa kwa vidole na gramu 450 hivi za chumvi, na mchanganyiko huo hukandwa pamoja na soya. Hufanywa madonge, na kila donge hutupwa kwa nguvu ndani ya mtungi ili hewa isibaki katikati, maana penye hewa ndipo penye kuoza. Juu hunyunyizwa chumvi, hufunikwa, huwekwa jiwe, na mtungi hupelekwa mahali penye giza na ubaridi. Hupatikana karibu kilo 4. Baada ya hapo kazi yote iliyobaki ni kusubiri miezi 6, au 10, au mwaka.

Kuipika ni kazi fupi kuliko hiyo, ila ina adabu zake. Kombu yapata gramu 10 hulowekwa katika lita 1 ya maji kwa nusu saa, kisha sufuria hutiwa moto wa taratibu. Maji yakaribiapo kuchemka mwani hutolewa, kwa sababu ukichemka hutoa ute na uchungu. Mabanzi ya katsuo gramu 20 hutiwa, moto huzimwa, na yakishazama dashi huchujwa kwa kitambaa bila ya kukamuliwa. Atumiaye dagaa huwatoa kichwa na matumbo kwanza. Mboga ngumu hupikwa ndani ya dashi hata zikalainika, tofu hufuata. Miso huja mwisho. Huwekwa ndani ya upawa au kichujio, kiasi cha kijiko kimoja cha kulia kwa kila mtu, na huyeyushwa polepole katika dashi ya moto. Kutoka hapo supu haichemshwi tena. Wapishi wana jina kwa nukta ile ambapo povu la kwanza hukaribia kuinuka na harufu ikajaa nyumba. Huiita niebana, ambalo lafahamika kuwa ua la uchemko. Dakika moja baadaye harufu imekwisha kwenda na mvuke. Supu hutiwa katika bakuli la mti lililopakwa utomvu unaong'aa, ambalo haliunguzi vidole. Huwekwa kuume, wali kushoto. Mnywaji huliinua kwa mkono, hunywa ukingoni, na vilivyomo huviokota kwa vijiti; wala si aibu kuvuta kwa sauti kidogo, maana supu ni ya moto na asubuhi ni ya baridi.

Lugha ya watu huhifadhi yale ambayo makarani huyaacha. Wajapani husema kwamba kuliko kumlipa mganga, afadhali kumlipa muuza miso. Mtu ajisifuye huambiwa kwamba anasifu miso ya kwake, kwa sababu kila nyumba ilivundika ya kwake na kila nyumba iliona ya jirani kuwa na kasoro. Aliyejifedhehesha husemwa kuwa amejipaka miso. Lakini yapo maneno mengine yaliyo mazito zaidi. Mke aliyechakazwa na kazi za nyumbani alisemwa kuwa ananuka nukamiso, yaani ile rojo ya pumba za mchele ambamo mboga huvundikwa na ambayo yataka kugeuzwa kwa mkono kila siku. Na katika karne ya 20 maneno yaliyojulikana sana ya mwanamume kuposa yalikuwa kumwomba mwanamke ampikie supu ya miso kila asubuhi. Waliosikia waliona mapenzi katika maneno hayo, na mapenzi yalikuwamo. Lakini yalikuwamo mengine pia: kuamka kabla ya jua, kuwasha meko, kuchota maji, kusaga, kuchuja, na kula mwisho, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkwe mwingine aingie nyumbani. Wenye kuimba sifa za supu ya kale mara nyingi walikuwa wale walioamshwa na harufu yake. Walioitoa harufu hiyo walikuwa wameamka zamani.

Haki yataka jambo hili likumbukwe katika kutazama yaliyofuata. Mwaka 1908 Ikeda Kikunae, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Kaisari cha Tokyo, aliyekuwa amesoma Leipzig kwa Wilhelm Ostwald, alijiuliza ni kitu gani katika dashi ya kombu kinacholeta ladha ambayo si tamu, wala chungu, wala kali, wala ya chumvi. Kutoka kilo 12 za mwani akapata gramu 30 za asidi ya glutamiki, na ladha yake akaiita umami. Mwaka 1909 chumvi ya asidi hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Mwaka 1913 Kodama Shintaro alionyesha fungu la inosini katika ladha ya katsuo, na mwaka 1957 Kuninaka Akira alieleza kwamba ladha za namna hizo mbili zikikutana huongezeana nguvu kuliko jumla yake. Hapo ilidhihirika kwamba wapishi waliochanganya kombu na katsuo tangu zamani walikuwa wakiitii kanuni ambayo hapana aliyewasomea. Elimu haikuivunja desturi, iliitetea. Lakini kwa tendo lile lile iliifungulia njia ya kuachwa, kwa kuwa ladha iliyoweza kutengwa iliweza pia kutiwa katika chupa.

Mambo mengine yalisukuma upande huo huo. Tetemeko kuu la mwaka 1923 liliharibu viwanda vya miso vya Tokyo, na miso ya milima ya Shinshu, iliyopelekwa mjini kama msaada, ikapata wapenzi wapya. Wakati wa vita miso tamu ya Edo ilikatazwa kwa sababu ilitumia mchele mwingi mno. Baada ya kushindwa mwaka 1945 njaa iliikumba nchi, na ngano ya Marekani ikaja. Watoto wa shule walizoezwa mkate na maziwa. Sheria ya mwaka 1954 iliuimarisha mlo wa shule, na wali haukuingia rasmi katika mlo huo hata mwaka 1976. Mwaka 1974 ilitokea pakiti ya supu ya miso iitwayo Asage, ambayo maana yake ni chakula cha asubuhi: maji ya moto tu yakahitajiwa. Mwaka 1982 ikatokea miso iliyokwisha changanywa na dashi, na kazi ya kombu na katsuo ikaondoka katika jiko la aliyeitumia. Wako walioona msiba. Lakini mwanamke aliyetoka kazini jioni, na aliyekuwa na dakika chache asubuhi, aliona wepesi, naye hakukosea.

Kuna hesabu nyingine ambayo wasifuji huiruka, nayo ni ya chumvi. Bakuli moja lina zaidi ya gramu 1, na katika mikoa ya baridi watu walikunywa bakuli kadhaa kwa siku pamoja na mboga za chumvi. Ugonjwa wa kupasuka mishipa ya kichwa ukawaua wengi. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Nagano, ambao ndio Shinshu ya zamani, uliendesha juhudi ya kupunguza chumvi. Wanawake wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiipima supu, wakashauri maji machache, mboga nyingi na bakuli moja badala ya matatu. Mwaka 1990 wanaume wa Nagano walihesabiwa kuwa wenye umri mrefu kuliko wa mikoa yote ya Japani. Sababu za umri ni nyingi na haifai kutaja moja peke yake. Hata hivyo funzo ni wazi, kwamba desturi iliyokubali kupimwa haikufa kwa kipimo. Kinyume chake ni sifa isiyo na kipimo. Daktari Akizuki Tatsuichiro, aliyekuwa katika hospitali ya Urakami, kilometa 1.4 kutoka pale bomu la Nagasaki lilipolipuka tarehe 9 Agosti 1945, aliwalisha watumishi wake wali na supu ya miso yenye chumvi, na aliamini kwamba ndiyo iliyowaokoa. Ushujaa wake katika kuwatibu waliojeruhiwa hauna shaka. Imani yake juu ya supu haikuthibitishwa na elimu, na heshima yake haihitaji uthibitisho huo.

Katika karne hii ya 21 ugomvi umehamia kwenye jina. Mwezi wa Desemba 2013 shirika la UNESCO liliandika upishi wa Kijapani, ujulikanao kwa jina la washoku, katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka minne baadaye wizara ya kilimo ya Japani iliandikisha jina la Hatcho miso kwa chama cha watengenezaji wa mkoa mzima wa Aichi. Masharti yaliyoandikwa yaliruhusu mapipa yasiyo ya mti na muda mfupi zaidi wa kuvundika, na nyumba mbili kongwe za kijiji kile kilicholizaa jina zikajikuta nje ya orodha. Pingamizi zilitolewa, na shauri likafika mahakamani. Wa mkoa walisema kwamba jina limekwisha kuwa la wote. Wa kijiji walisema kwamba bila ya mti, mawe na miaka miwili, jina hubaki na kitu huondoka. Hoja zote mbili zina tarehe nyuma yake, kwa kuwa miso yenyewe haikupata kuwa na mwenyewe mmoja. Ilikuwa ya Wachina kabla ya kuwa ya Kyoto, ya watawa kabla ya askari, na ya wakuu kabla ya wakulima.

Basi swali la mwanzo larudi. Ikiwa maharage yalitoka mbali, bakuli la kusagia likatoka kwingine, na mwani ukaja kwa biashara, asili ya supu haiwezi kuwa katika vitu vyake. Wala haiwezi kuwa katika umri wake, kwa sababu sura yake ilibadilika kila zama. Yaonekana imo katika mambo mawili ambayo hayakubadilika: kusubiri na kuangalia. Mwenye kuvundika hulazimika kuuachia mtungi miezi yake. Mwenye kupika hulazimika kusimama mbele ya moto ili auzime kabla ya uchemko. Kiwanda chaweza kufanya la kwanza kwa niaba ya watu elfu, na pakiti yaweza kuwaondolea la pili, na hapana aibu katika kupokea msaada. Ila kilichokuwa wajibu wa mtu mmoja katika nyumba, ambaye kwa kawaida hakuulizwa kama apenda, sasa chaweza kuwa hiari ya wote. Katika miji ya Japani wako leo wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wanaokutana wakati wa baridi kuponda soya pamoja, kila mmoja akaondoka na mtungi wake.

Wapondao pamoja hutumia soya ile ile, chumvi ile ile na koji ile ile, katika chumba kimoja na siku moja. Hata hivyo mitungi ifunguliwapo mwisho wa mwaka, ladha zake hazilingani. Moja ilikaa karibu na dirisha, nyingine chini ya ngazi. Hewa ya nyumba moja ilikuwa na joto, ya nyingine na unyevu. Na mikono iliyokanda ilikuwa mbalimbali. Kila mmoja huonja ya mwenziwe, huisifu kwa adabu, kisha hurudi kwake akaipenda ya kwake zaidi. Methali ile ya kusifu miso ya nyumbani ilitungwa kwa kucheka, lakini imehifadhi habari ambayo haimo katika sheria za mwaka 701 wala katika orodha ya mwaka 2013: kwamba nyumba yenyewe, pamoja na walioishi na kufanya kazi ndani yake, nayo ilikuwa kiungo katika bakuli.